Ya kuweka tayari kabla ya masika, kama unakaa ufukweni Tanga

Masika huku kwetu ni Machi hadi Mei, lakini siku hizi usiitegemee kalenda peke yake. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukuta ardhi imeshashiba maji. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uhesabu pia bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Mvua kubwa ikiangukia mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari imejaa, mto Pangani unakosa pa kumwaga, na maji yanarudi majumbani.

Dawa: mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV awe na akiba ya wiki mbili, kwenye chombo chenye mfuniko, pamoja na kadi ya kliniki.

Chandarua kwa malaria, hilo mnalijua. Vifuu vya nazi na matairi yaondoeni, maana mbu wa dengue huzaliana humo na huuma mchana. Ukipata homa, usimeze aspirini wala diklofenaki kabla hujapimwa. Dengue huweza kuvujisha damu, na dawa hizo huzidisha.

Sasa maji, na hapa nisikilizeni vizuri. Kwa shangazi yangu, upande wa Pangani, kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka chooni, kwenye mchanga mtupu. Mafuriko yaliingia, yakakaa, yakatoka. Watu wakasubiri tope litulie, na maji yalipokuwa maangavu wakaanza kuchota. Hakuna aliyechemsha, maana hayakuwa na rangi wala harufu, na mkaa wote ulikuwa umelowa. Mjukuu wake akaanza kuharisha usiku, barabara imekatika, bodaboda hazipiti. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Jirani mmoja ndiye aliyejua la kufanya: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, akamnywesha kidogo kidogo mpaka ilipopatikana ngalawa ya kumfikisha zahanati. Mtoto alipona. Mzee wa nyumba ya pili hakufika.

Kwa hiyo kisima kilichofunikwa na mafuriko msikiguse mpaka kikombwe na bwana afya akitie klorini. Mchanga hupitisha uchafu wa choo upesi, na wadudu wa kipindupindu huwaoni kwa macho. Nunua dawa ya kutibu maji sasa hivi, dukani ikiwa bado ipo. Mkaa uweke darini. Sukari na chumvi zifungwe zisilowe, na kila mtu mzima wa nyumba akijue kile kipimo kwa kichwa. Anayechimba kisima kipya akiweke mbali na choo, angalau mita 30. Na kuchemsha hakuondoi chumvi: kisima kikianza kukolea, mwenye presha na mjamzito watafutiwe maji mengine.

Mengine ni ya kawaida. Simu ijazwe chaji, namba 114 ya Zimamoto iwe humo. Usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanaishia magotini. Vaa viatu vya mpira, maana chini kuna misumari, na nyoka nao wamefukuzwa mashimoni mwao. Waya wa umeme ulioanguka usiusogelee. Watoto wasichezee madimbwi, na wavuvi wakiambiwa wasitoke, wasitoke.