Kujitolea kwa waliougua ukoma India: soma kabla hujafunga begi

Ukimsikia mtu anasema likizo hii anaenda kujitolea, aghalabu anawaza watoto: kuimba nao, kuwafundisha herufi, picha mbili tatu za kutuma nyumbani. Ushauri wangu kwa Mwafrika Mashariki anayesoma India, au anayekuja huko kutoka Ghuba au Ulaya, ni huu: kama muda wako hauzidi mwezi, waache watoto. Nenda kwa wazee wenye vidonda vya miguu.

Nasema hivyo kwa sababu nilikosea. Nikiwa mwanafunzi Delhi nilijipeleka kwenye kituo kimoja cha watoto, nikakaa siku tisa. Jioni ya mwisho binti wa miaka mitano hivi akanishika kidole: “Didi, kal?” Dada, kesho? Nikaitikia kwa kichwa, na kesho yake nilikuwa kwenye treni. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja hahitaji mgeni mwingine wa kumzoea na kumpoteza. Mzee hana shida hiyo. Anataka mtu wa kumshikia beseni asubuhi hii.

Hofu kwanza

Itakujia, hata kama huisemi. Sisi tumelelewa kwenye lugha ambamo “mkoma” ni tusi, kwa hiyo anza kwa kuliacha neno hilo nyumbani. Ukoma huletwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Norway, Hansen, mwaka 1873. Hauambukizwi kwa kupeana mkono. Watu walio wengi sana wana kinga ya asili, na anayeupata kwa kawaida ameishi muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa. Tangu 1981 kuna dawa mseto, hutolewa bure, na mgonjwa humeza kwa miezi 6 au 12. Akishaanza, uwezo wa kuambukiza huisha upesi.

Wengi utakaowakuta walipona zamani. Kilichobaki ni ganzi. Mguu hausikii msumari, vidole havisikii sufuria ya moto, na kidonda huanza bila mwenyewe kujua.

Wapi, na kwa karatasi gani

Anandwan, makazi ya watu waliougua ukoma, iko karibu na Warora, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nagpur. Inasimuliwa kwamba Baba Amte aliianzisha, mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa na wagonjwa sita, ng'ombe kilema na rupia 14. Aliamini kazi kuliko sadaka, na wakazi wake wamelima na kufuma tangu hapo, kwa hiyo usiende kule na uso wa huruma. Titagarh, nje kidogo ya Kolkata, kuna kituo cha mabruda wa shirika la Mother Teresa. Sari nyeupe zenye mistari ya buluu za masista wa shirika hilo hufumwa hapo na watu waliougua ukoma. Delhi yenyewe ina makazi makubwa Tahirpur.

Usibishe hodi bila taarifa. Andika mapema, useme unajua kufanya nini na utakaa siku ngapi. Na usichague Mei: upande wa Chandrapur, wilaya iliko Anandwan, joto hupita nyuzi 45. Novemba hadi Februari ndio wakati.

Viza ya utalii inaruhusu kujitolea kwa muda usiozidi mwezi mmoja, bila malipo ya aina yoyote. Zaidi ya hapo unahitaji viza nyingine, na taasisi ndiyo itakayokuandikia barua. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Beba kadi ya homa ya manjano, chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na cheti cha tabia njema cha polisi wa kwenu. Kituo cha watoto kisichokuuliza cheti hicho, kiogope.

Kazi yenyewe

Ni maji, mafuta na subira. Miguu huloweka kama nusu saa, sugu hukwanguliwa taratibu, kisha unapaka mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu. Joto la maji pima kwa kiwiko chako. Ukimuuliza yeye atakwambia ni sawa hata yakiwa yanaunguza. Kidonda kibichi usikiguse mpaka muuguzi akuelekeze. Glavu ni za kidonda, si za salamu. Na salamu yenyewe ina mtego: namaste haigusi mtu, ni adabu kabisa, lakini anayeikwepa mikono yao wanamtambua mara moja. Mzee akinyoosha mkono, upokee kwa mikono yako miwili, kama unavyompokea babu yako.

Ukiwa na miezi mitatu au zaidi, watoto wa makazi hayo wanahitaji mtu wa hesabu na Kiingereza baada ya shule. Wengi wao ni wazima kabisa. Mzigo walio nao ni anwani ya kwao. Picha, hapana. Sheria ya India ya 2015 inakataza kumtangaza mtoto aliye chini ya ulinzi kwa jina au sura, na statasi ya WhatsApp ni kutangaza.

Mchango wa kikundi nao una sheria yake. Taasisi ya India haiwezi kupokea fedha kutoka kwa raia wa kigeni bila usajili au kibali cha FCRA, sheria ya India ya michango ya kigeni, na fedha za kutoka nje lazima zipitie akaunti maalumu ya State Bank of India, New Delhi. Hata noti za rupia unazompa mkurugenzi mkononi zinahesabiwa za kigeni. Anayekupa namba ya akaunti yake binafsi, mshukuru na uondoke.

Beba sabuni ya kutosha, ndala zako za bafuni na shuka. Kata kucha kabla ya kusafiri: utashika ngozi isiyoweza kukwambia kwamba umeikwaruza.