Saa Nane Usiku: Kujiandaa Kujifungua Ukiwa Nairobi

Maandalizi mengi ya mtoto huanzia Gikomba, soko la mitumba, kwenye vinguo. Si vibaya, lakini nguo ndiyo sehemu rahisi: hata ukizikosa, mtoto atafunikwa leso na maisha yataendelea. Visivyopatikana kwa ghafla saa nane za usiku ni ufunguo wa lango la ploti, dereva anayeshika simu, na kijitabu cha kliniki kilichoandikwa kundi lako la damu. Basi panga mambo yako ukianzia saa hiyo, kisha urudi nyuma.

Tarehe

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupa 17 Desemba. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Kama wako unarukaruka, au mimba ilishika ukiwa umetoka tu kwenye sindano ya kupanga uzazi, tegemea picha ya ultrasaundi. Ifanywe mapema: picha ya kabla ya wiki 14 ndiyo hukaribia ukweli, ile ya miezi minane inaweza kukosea kwa wiki 3 nzima. Hata hivyo usiishike tarehe kama tikiti ya basi. Mtoto aliyekomaa huja kati ya wiki 37 na 42, na wengine hawangoji 37, ndiyo maana mkoba unafaa kuwa mlangoni ukifika wiki ya 34.

Kliniki

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12. Kila ukitoka, fungua kijitabu cha mama na mtoto uone kilichoandikwa: presha, mkojo, kiwango cha damu, kundi la damu na Rhesus (ile alama ya chanya au hasi), VVU, kaswende, chanjo ya pepopunda. Nafasi iliyo wazi, uliza pale pale. Nesi wa zamu ya usiku hakujui. Anachokijua ni kile kijitabu.

Kiwango cha damu ndicho tunachokisisitiza kuliko vyote. Chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza nusu lita wakati wa kuzaa akavumilia. Mwenye damu 7 huzidiwa kwa kiasi kile kile. Tembe za kliniki zina miligramu 60 za ayani (madini ya chuma) na mikrogramu 400 za foliki, moja kila siku. Wengi huzimeza wiki baada ya wiki na damu haipandi, na sababu huwa mezani: chai. Majani ya chai hushika ile ayani tumboni isiingie mwilini, na maziwa nayo huipunguza. Meza tembe kwa maji au juisi ya chungwa, kisha ungoje saa moja au mbili kabla ya kikombe. Ikikuletea kichefuchefu asubuhi, imeze ukienda kulala. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni ayani hiyo.

Adui mwingine ni odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni kando ya vitunguu. Hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari iko chini, na kuyatafuna huzidisha upungufu, mbali na minyoo na madini hatari yanayoweza kuwa ndani. Mwambie nesi bila haya. Si wewe wa kwanza.

Kama Rhesus yako ni hasi na baba mtoto ni chanya, kuna sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kuishambulia damu ya mtoto: moja wiki ya 28, nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Ni ghali na si kila famasi inayo, kwa hiyo anza kuiulizia mapema.

Hospitali mbili, si moja

Chagua ya kwanza na ya akiba kufikia wiki ya 32. Pumwani imezalisha akina mama wa jiji hili tangu 1926. Wa Umoja, Kayole na Komarock wako karibu na Mama Lucy. Wengine wana zahanati ya mtaani ambayo kwa uzazi usio na matatizo inatosha kabisa. Unapokwenda kuiona, uliza: upasuaji unafanyika usiku, au daktari huitwa kutoka nyumbani? Damu ya kuongezwa ipo hapo hapo? Mtoto akizaliwa njiti atalazwa hapa au atahamishwa? Na SHA, bima ya afya ya serikali, inakubaliwa?

Mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye pacha, mwenye presha, au ambaye mtoto ametanguliza makalio, asiende mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Kovu la zamani linaweza kupasuka katikati ya uchungu, na kutoka hapo unahesabu dakika.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Jisajili kwa *147#, na uhakikishe michango haina deni kabla ya mwezi wa tisa wa mimba, si mkiwa kwenye dirisha la malipo. Kiwango chake kimekuwa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Mtoto naye ataongezwa kama mtegemezi akishazaliwa.

Kutoka nyumbani

Hapa ndipo mipango mizuri huvunjika. Malango ya ploti nyingi hufungwa usiku na ufunguo hubaki kwa keyateka anayelala fofofo. Omba ufunguo wako mwezi mmoja kabla. Zungumza na madereva wawili wa teksi wanaolala mtaani kwenu, kwa sababu gari la kuita kwa simu linaweza kukosa kabisa saa hiyo, hasa mvua ikinyesha. Kubalianeni bei mapema. Bodaboda si ya mama mwenye uchungu: barabara ni mbovu, na akishikwa katikati ya safari hawezi kujishikilia.

Weka pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo, maana ajenti wa M-Pesa atakuwa amefunga. Na kama kuna mtoto mkubwa, jirani wa kumwachia ajue kabisa kwamba ni yeye.

Mkoba

Uwe mmoja unaobebeka. Wodi zina nafasi finyu, na mama wawili wakikaa kitanda kimoja sanduku lako ni kero. Upande wa mama: leso 3 au 4 (ya kutandika, ya kujifunga, ya kumpokelea mtoto), pamba roli 2 kubwa, pedi nene za uzazi pakiti 2, chupi 5 za rangi nyeusi zilizolegea, slipa, gauni linalofunguka mbele, sabuni, beseni dogo, taulo, kikombe na kijiko, chaja. Upande wa mtoto: fulana 3, nguo za kulalia 3, kofia 2, soksi, shali zito, na nepi pakiti moja ndogo ya saizi ya kwanza. Usinunue pakiti tatu, mtoto wa kilo 3.8 ataziacha upesi. Uliza hospitali yako kama wanataka pia glavu au dawa ya kuua viini. Kijitabu, kitambulisho na karatasi za vipimo viingie mfuko wa nje.

Mitumba ichemshwe au ifuliwe kwa maji moto, ianikwe juani, ipigwe pasi. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya nondo usizitumie kabla ya kuzifua mara kadhaa na kuzianika hadi harufu iishe. Mvuke wake huvunja chembe za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), na manjano ya macho na ngozi inayofuata ni kali.

Ni wakati gani wa kwenda

Mimba ya kwanza: uchungu ukija kila dakika 5, ukikaa kama dakika moja, kwa saa nzima, ondoka. Mimba ya pili na kuendelea usingoje hapo, na ukiwa unakaa mbali, au saa za msongamano wa Jogoo Road zimekaribia, ondoka mapema zaidi. Uchungu wa uongo hupoa ukitembea au ukioga maji moto. Wa kweli huongezeka tu.

Haya hayangoji uchungu, saa yoyote ile: kutoka damu, chupa kuvunjika (tazama rangi, kijani au harufu mbaya ni haraka zaidi), kichwa kuuma sana, macho kuona giza au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Presha ya 140/90 kwenda juu ni ya kuangaliwa siku hiyo hiyo hata kama unajisikia mzima. Kifafa cha mimba, lile degedege linaloletwa na presha, kinaweza pia kuja baada ya kujifungua, hivyo kichwa kikali cha siku ya nne usikipe panadoli ukalala.

Wiki ya kwanza nyumbani

Baridi ya Julai huwafanya watu walete jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala haionekani, na imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mpashe mtoto joto kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mkiwa na blanketi juu na kofia kichwani. Kuoga kwake kungoje saa 24.

Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni kidogo na ni ya manjano, tumbo lake pia ni dogo. Usiletewe glukosi wala maji ya sukari na mtu yeyote, hata mama mkwe. Mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Kuanzia siku ya tano au ya sita hesabu nepi: 6 zilizolowa kwa siku zinaonyesha anapata. Chuchu ikitoka imebanwa kama kalamu ya lipstiki mpya, hajashika vizuri. Mtoe kwa kupitisha kidole pembeni mwa mdomo, aanze upya na mdomo wazi.

Kitovu kipakwe ile dawa ya klorheksidini uliyopewa, kwa siku ulizoambiwa. Isiwekwe pamoja na dawa za macho, kwani mirija hufanana na ikiingia jichoni inaunguza. Majivu, mate na dawa ya meno hapana.

Manjano ikionekana siku ya kwanza, au ikifika viganja na nyayo, rudi hospitali. Kumwanika juani hakutibu. Wewe nawe, pedi ikijaa ndani ya saa moja, au ukitoka bonge la damu kubwa kama limau, ni safari ile ile.

Usiondoke hospitali bila BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio kuandikwa kijitabuni. Zinazofuata ni wiki ya 6, 10 na 14. Omba pia taarifa ya kuzaliwa, na uisome kabla ya kuikunja: herufi moja ikikosewa katika jina utaisahihisha kwa foleni. Cheti chenyewe huombwa kupitia eCitizen, na ukisajili ndani ya miezi 6 hutaingia kwenye usajili wa kuchelewa. Mwajiri wako anakudai barua ya siku 7 kabla ya likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Baba ana wiki 2, na ni vyema azichukue mnapotoka hospitali, si mwezi baadaye.