Somo: Gugu la Kariba lisipande mto kwa mikono yetu

Kwa wavuvi wa Panyimur, Pakwach na wote wa bonde la Naili.

Maji ya Ziwa Kyoga, hapa Uganda, hupita maporomoko ya Karuma na Murchison, yakagusa ncha ya Ziwa Albert, kisha yakateremka Pakwach kuelekea Nimule. Gugu la Kariba, mmea unaoelea na kufunika maji, lilipoonekana Kyoga mwaka 2013, njia ya kuja huku lilikuwa nayo tayari. Ila halipandi mto. Ukilikuta kwenye kijito cha juu au bwawa la samaki, karibu kila mara kuna aliyelibeba: wavuni, mtumbwini, au kwenye karai la vifaranga.

Hatua ya 1: Litambue. Majani yake huota mawilimawili. Likiwa changa hulala juu ya maji. Likisongamana majani hukunjika kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Lizamishe kwa kidole, litaibuka kavu, kwa sababu ya vinyweleo vilivyo juu ya jani. Halina ua. Lenye ua la zambarau na shina lililovimba ni gugumaji, na hilo lina mambo yake.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kuondoka mwaloni, si ukifika. Wengi huosha wavu kule waendako, na hapo ndipo wanapolipanda. Gugu hili halina mbegu zinazoota. Kipande chenye kichipukizi kinatosha, na katika maji ya joto yenye rutuba hujizidisha mara mbili ndani ya siku chache. Kagua mafundo ya wavu, kamba ya nanga, maboya na propela. Maji ya tumboni mwa mtumbwi yamwage nchi kavu.

Hatua ya 3: Kausha. Wavu uanikwe juani hadi mafundo yenyewe yakauke. Wavu uliokunjwa ukiwa mbichi hulihifadhi gugu vizuri mno.

Hatua ya 4: Mkiliona jipya, litoeni lote siku hiyo na mwambieni afisa wa uvuvi. Zungusheni wavu wenye matundu madogo upande wa chini wa mkondo kwanza, ndipo mchote kwa makarai. Vaeni buti na glavu, maana kichocho kimejaa maji haya, na angalieni nyoka. Litandazeni jembamba, mbali na mahali mafuriko hufika. Likirundikwa, juu hukauka, ukifukua ndani bado kijani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, tukilikatakata kwa panga likaenda na maji, si tumelimaliza?
Hapana, ndugu yangu. Hapo umewatengenezea miche walio chini yako. Nao wa juu wakifanya hivyo, utasema nini?

Na dawa ya kuua magugu shambani?
Usithubutu. Maji haya tunakunywa. Tena gugu likifa lote kwa mpigo huoza majini na kula hewa ya samaki.

Mzee, gugumaji nalo tukiling'oa tumemaliza?
Kwa mwaka huo labda. Mbegu zake hukaa matopeni hata miaka 15 na zaidi, kwa hiyo mtarudi palepale kila msimu. Likikauka kabisa linafaa kutandazwa kwenye migomba. Bichi lisisafirishwe, hata kwa ajili ya nguruwe.

Nasikia fukusi waliwekwa Ziwa Victoria ili wale gugumaji. Mimi ninao wengi kwenye mahindi, niwalete?
Dada, umenichekesha, lakini swali ni zuri. Fukusi wa gugumaji walitoka Amerika Kusini, wakaachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990, na hawana haja na mahindi. Gugu la Kariba lina fukusi wake mwingine kabisa. Kuwaachilia ni kazi ya wataalamu wa serikali. Ukiona majani ya gugumaji yana vijidoa vilivyotafunwa, viduara vidogo vya kahawia, basi wamo kazini. Hapo msiondoe gugumaji lote kwa mara moja, waacheni wapate chakula. Wale wa mahindi, tafuta namna ya kuwafukuza ghalani.