Skripti moja ya Python kwa Windows, Linux na Mac: inapokwama na jinsi ya kuirekebisha

Skripti iliyoandikwa kwenye Linux ikihamishiwa Windows, mara nyingi haigomi papo hapo. Inakubali kufanya kazi, inamaliza, kisha wiki ya pili mtu anafungua ripoti na kukuta maandishi yameharibika. Sababu ni ile ile karibu kila mara: kuna jambo hukulisema, Python ikauliza mfumo endeshi, na kila mfumo ukajibu kivyake. Basi kabla ya kuandika `if` yoyote ya kutambua mfumo, taja waziwazi kila unachotaka. Matatizo mengi yataishia hapo.

Anza na usimbaji wa herufi

Usimbaji ni namna ya kugeuza herufi kuwa baiti. Wanaoandika Kiswahili hudhani jambo hili haliwahusu, kwa kuwa herufi zetu zote zimo kwenye kibodi ya kawaida. Tazama neno ng’ombe. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ile alama ya ng’ kuwa iliyopinda, na hiyo kwenye UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote, huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 80, 99. Kwenye Windows nyingi, `open("mifugo.txt")` husoma kwa cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows, ambao huhesabu kila baiti kuwa herufi moja. Unapata `ngâ€™ombe`, bila onyo lolote.

Safari ya kurudi ina kelele zaidi. Windows ikiandika kwa cp1252, alama hiyo inakuwa baiti moja, 0x92, na Linux ikijaribu kuisoma utakutana na `UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0x92`. Hii ni afadhali, maana kosa linaonekana.

Dawa ni kuandika hivi kila mahali, bila kuruka hata faili moja:

```python
open("mifugo.txt", encoding="utf-8")
```

Faili za CSV zilizohifadhiwa kutoka Excel kama UTF-8 huanza na alama fiche ya BOM. Hizo zisome kwa `utf-8-sig`, la sivyo jina la safu ya kwanza halitalingana na unalolitafuta. Kuzisaka `open` zilizosahaulika kwenye msimbo wa zamani, kuanzia Python 3.10 endesha `python -X warn_default_encoding skripti.py`: kila `open` isiyotaja usimbaji itatajwa. Python 3.15 ndiyo inayoifanya UTF-8 kuwa chaguo la mwanzo kwenye mifumo yote, lakini kompyuta za wateja wako zitabaki na matoleo ya nyuma kwa muda mrefu.

Ukiandika CSV, ongeza `newline=""`. Moduli ya `csv` yenyewe humaliza mstari kwa `\r\n`, alama za mwisho wa mstari za Windows. Usipoongeza hilo, Windows huigeuza tena `\n` kuwa `\r\n` na kupata `\r\r\n`, na Excel inaonyesha mstari mtupu baada ya kila safu mlalo.

Njia na majina ya faili

`"C:\taarifa\nakala"` inaonekana sawa kabisa, lakini `\t` ni nafasi ya tab na `\n` ni mstari mpya. Tumia `pathlib`:

```python
from pathlib import Path
njia = Path.home() / "taarifa" / "nakala"
```

Usiweke saa yenye nukta mbili kwenye jina la faili. Kwenye Windows yenye diski ya NTFS (mpangilio wake wa kawaida wa diski), kuandika `ripoti-14:30.txt` huzaa faili iitwayo `ripoti-14` yenye ukubwa wa sifuri, na maandishi yako yanaingia kwenye mkondo uliojificha nyuma yake. Hakuna kosa litakalotolewa. Andika `14-30`. Majina kama `CON`, `AUX`, `NUL` na `COM1` nayo Windows imeyahodhi. Tumia herufi ndogo tupu: `Ripoti.csv` na `ripoti.csv` ni faili mbili kwenye Linux, na ni moja kwenye Windows na kwenye Mac nyingi.

Kubadilisha jina la faili, tumia `os.replace`. `os.rename` hufuta ya zamani kimyakimya kwenye Linux na Mac, ila kwenye Windows hutoa `FileExistsError`. Na faili iliyo wazi, Windows hukataa kuifuta kwa `PermissionError`. Ifunge kwanza, au itumie ndani ya `with`.

Kuita programu nyingine

Unapotumia `subprocess`, moduli ya Python ya kuita programu nyingine, acha `shell=True`. Kwenye Windows huita `cmd.exe`, kwingine `/bin/sh`, na kila mmoja ana kanuni zake za alama za nukuu. Peana orodha: `subprocess.run(["git", "status"], check=True)`. Kunakili, kuhamisha na kufuta faili kufanywe na `shutil` na `pathlib`, si kwa kuita `cp` au `copy`.

Yanayobaki ndiyo yahitaji `if`

Tumia `sys.platform`. Hutoa `win32` kwenye Windows, hata ya biti 64, `linux`, na `darwin` kwenye Mac. Linganisha kwa `==`. Anayeandika `if "win" in sys.platform` ameikamata Mac pia, kwa sababu neno `darwin` lina `win` ndani yake. Kwenye Android, Python 3.13 ilibadilisha jibu kutoka `linux` kuwa `android`.

Weka matawi haya yote kwenye faili moja, tuseme `mfumo.py`, skripti nyingine zisijue ziko wapi.

```python
import os, sys
from pathlib import Path

def folda_ya_mipangilio(jina):
    nyumbani = Path.home()
    if sys.platform == "win32":
        msingi = Path(os.environ["APPDATA"])
    elif sys.platform == "darwin":
        msingi = nyumbani / "Library" / "Application Support"
    else:
        msingi = Path(os.environ.get("XDG_CONFIG_HOME")
                      or nyumbani / ".config")
    folda = msingi / jina
    folda.mkdir(parents=True, exist_ok=True)
    return folda
```

Pale kinachotofautiana ni zana, uliza zana yenyewe. Mfano ni kufunga faili kwa kufuli ili wengine wasiiandike kwa wakati mmoja: `fcntl` haipo Windows, `msvcrt` haipo kwingine. Jaribu `import fcntl` na udake `ImportError`. Ila usidhani zinafanana. `fcntl.flock` husubiri mpaka kufuli liachiwe, na huwazuia tu wanaoomba kufuli hilo. `msvcrt.locking` kwa `LK_LOCK` hujaribu mara 10, sekunde moja moja, kisha hutoa `OSError`. Andika mzunguko wako wa kujaribu tena wenye kikomo kimoja kwa pande zote.

Kabla ya kuigawa

Skripti iliyohaririwa Windows ikikataa Linux kwa ujumbe wenye `python3\r`, mstari wa kwanza umebeba `\r`. Kwenye `.gitattributes`, faili ya mipangilio ya Git, weka `*.py text eol=lf`.

Kisha tengeneza folda iitwayo `Ng’ombe wa Maziwa`, yenye nafasi na alama iliyopinda, weka skripti na data humo, na uiendeshe kwenye kila mfumo unaodai kuuhudumia. Endesha mara mbili mfululizo, maana hitilafu za kuandika juu ya faili iliyokwisha kuwepo hutokea mara ya pili tu.