Kutembea kwa mwenye kisukari: dakika, mlima na kiatu

Misuli inapofanya kazi huchota sukari kwenye damu, na mwendo ukiisha mwili huendelea kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, vizuri kwa siku moja hadi mbili. Baada ya hapo faida hiyo hupotea. Kwa hiyo mwenye kisukari cha ukubwani anayetembea kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji Jumapili, kisha akashinda dukani wiki nzima, hafaidiki inavyotakiwa. Lenga dakika 150 kwa wiki, na usiache siku mbili mfululizo zipite bure.

Anza na dakika 10 baada ya mlo mkubwa, hasa ugali wa jioni, kwani hapo ndipo sukari hupanda. Kila wiki ongeza dakika 5 hadi ufike 30. Kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kigoma ni mji wa vilima: mwendo unaoumudu kwenye tambarare utakukata pumzi ukipandisha kutoka stesheni kwenda Mwanga. Mlima uje baadaye, tena polepole. Kifua kikibana, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Siku mbili kwa wiki jenga misuli: inuka kitini bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Toa pumzi unapoinuka. Ukiibana, presha hupanda ghafla. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya.

Hatari kubwa ni sukari kushuka, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula ndizi mbivu kwanza. Usichome insulini pajani ukiwa unaondoka, maana mguu unaofanya kazi huifyonza haraka. Ukitetemeka au kutoka jasho la baridi, koroga vijiko vidogo 4 vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, urudie ikibidi. Inaweza kushuka hata usiku, baada ya siku ya kulima. Dawa usiipunguze mwenyewe: andika vipimo, uvipeleke kliniki.

Kandambili hazifai. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na mguu uliopoteza hisia hausikii changarawe. Vaa raba zisizobana na soksi, zikung'ute kabla ya kuvaa, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge, usilitumbue; pumzisha mguu huo, fanya mazoezi ya mikono ukiwa umekaa, na kesho yake uonyeshe kliniki.