Kufufua bodi ya zamani ya kengele za watumishi bila kuiharibu

Kama umepata ile bodi ya mbao yenye kioo mbele na majina ya vyumba kwa rangi ya dhahabu, zile za umeme zilizokuwa zinafungwa karibu na jiko ili mtumishi aone anaitwa chumba gani kwenye majumba makubwa ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, naomba kitu kimoja: usianze kufumua. Nyingi hazijafa kabisa, shida yake ni uchafu kwenye maungio na waya zilizokatika, na fumua fumua ndo inaua hata kile kilichokuwa kizima.

Elewa kwanza umeme unavyotembea. Mtu akibonyeza kitufe chumbani, umeme unatoka kwenye betri unapita kwenye kitufe, unaingia koili (waya mwembamba uliozungushwa) ya chumba hicho kwenye bodi, halafu kwenye kengele ambayo ni ya vyumba vyote, kisha unarudi betri. Koili inakuwa sumaku, inavuta kichuma na kibendera cha chumba hicho kinayumba kwa muda, au kwenye aina nyingine kinadondoka mpaka mtu akirudishe kwa mkono. Sasa ona hapo, kengele ikiwa mbovu bodi nzima inakaa kimya hata koili zote zikiwa nzima! Kwa hiyo vyumba vyote vikigoma anza na kengele na waya zake, kikigoma kimoja tu tatizo ni koili ya hicho chumba, kitufe chake au waya wake.

Umeme wake zamani ulitoka kwenye seli za Leclanché (betri za zamani zilizobuniwa 1866), kila moja kama volti 1.5, zikiungwa chache kwa mfululizo. Wewe tumia betri za kawaida, anza na volti 3 na ukihitaji panda mpaka 6. Usije ukaiunga kwenye umeme wa ukutani hata kwa kujaribu, waya za koili zimefunikwa kwa uzi tu na skrubu za kuungia ziko wazi, utaunguza bodi na utajiua. Transfoma ya kengele (inayoshusha umeme wa ukutani) nayo siipendi hapa, umeme wake unageuka geuka na kibendera kinaweza kutetemeka badala ya kuyumba vizuri.

Piga picha kila pembe, funga kikaratasi chenye namba kwenye kila waya, halafu ondoa betri na upime ukinzani wa koili moja moja kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Koili nzima inasoma omu chache au makumi kadhaa, ila linganisha na jirani zake maana zilisukwa sawa. Isiposoma kitu usikate tamaa, mara nyingi waya umekatika pale mwishoni unapoingia kwenye skrubu, fungua duara moja la waya wa koili taratibu, kwangua ncha mpaka shaba ing'ae, chomea solda kipande kipya.

Kwenye kengele kazi kubwa ni pointi, yaani pale skrubu inapogusana na kispringi cha nyundo. Pitisha karatasi ngumu safi katikati huku umezibana kidogo, rudia mpaka itoke bila weusi. Msasa usiupeleke hapo kabisa, unakula madini ya thamani yaliyowekwa kwenye ncha. Nyundo ikiwa imetulia pointi lazima ziwe zinagusana, kisha zungusha skrubu robo robo betri ikiwa imeungwa mpaka isikike bila kukatika katika.

Kioo sasa, na hapa watu wanaumiza sana: maandishi yamepakwa upande wa NYUMA, ukipangusa nyuma kwa kitambaa chenye maji yanatoka na hayarudi. Safisha mbele tu, nyuma pepea vumbi kwa brashi laini. Mbao usizipake spiriti, nyingi zilipakwa shelaki (vanishi ya zamani) na spiriti inaiyeyusha.

Waya za zamani zenye uzi na nta zikiwa zinavunjika ukizikunja, vuta mpya kutoka kwenye vitufe, ila zile za ndani ya bodi zilizo nzima ziache hapo hapo. Na kabla hujahukumu kuwa kibendera kimekwama itundike bodi wima kabisa, tumia timazi, kwa sababu vile vya kuyumba vinagusa fremu ikiinama hata kidogo.