Somo: tempo ni nini, na tunaitumiaje kwenye kwaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi kwenye mazoezi niliwaambia "pandisheni tempo kidogo", kwaya nzima ikapandisha sauti. Besi walipaza mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, lakini wimbo ulibaki na mwendo uleule. Niliporudia, mkapaza zaidi. Hapo nikaona kwamba neno hili nalitamka kila wiki na sijawahi kukaa nanyi nikalifundisha. Basi tuanze.

Tempo ni kasi ya mapigo ya wimbo. Haihusu ukubwa wa sauti. Sisi tumelipata kwa Waingereza, nao walilichukua kwa Waitaliano, na mzizi wake ni neno la Kilatini, tempus, yaani wakati. Ukikumbuka kwamba ni neno la wakati, hutaichanganya tena na kelele.

Hatua ya kwanza: tafuta pigo kwa mguu. Sema kwa kuimbaimba, "Twende Marangu asubuhi", huku ukikanyaga chini. Mguu utagusa sakafu kwenye twe, kwenye ra na kwenye bu. Mdomo umetoa silabi tisa, mguu umekanyaga mara tatu. Kinachofanywa na mdomo ni ridhimu, kinachofanywa na mguu ni pigo, na tempo ni kasi ya huo mguu. Rudia mpaka mguu uende wenyewe. Wengi wetu tunakosea hapa kwa sababu tunapiga makofi kufuata maneno.

Hatua ya pili: hesabu. Tazama saa, hesabu nyayo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 18, wimbo wako una mapigo 72 kwa dakika. Vitabu vya Kiingereza huandika bpm baada ya namba. Vya zamani vina herufi M.M. kabla ya namba, yaani metronomu (chombo cha kugonga mapigo sawasawa) ya Maelzel, fundi wa Ujerumani aliyejipatia hataza ya chombo hicho mwaka 1815.

Hatua ya tatu: tengeneza kipimo chako. Programu za metronomu zipo kwenye simu, lakini umeme ukikatika na chaji ikiisha tunafanyaje? Chukua uzi, funga nati ya baiskeli mwishoni. Pima mita 1 kutoka unaposhika hadi katikati ya nati, kisha ibembeze taratibu. Kila inapofika upande wowote, kulia au kushoto, ni pigo moja, na utapata mapigo 60 kwa dakika. Ukitaka 72, fupisha uzi uwe sentimita 69. Ukitaka 120, sentimita 25. Uzito wa nati haubadilishi kitu, urefu wa uzi ndio unaoamua. Nimejaribu mwenyewe nyumbani kwa saa ya ukutani, na inakubali vizuri sana. Usiibembeze kwa nguvu tu.

Hatua ya nne: soma maneno yaliyo juu ya noti. Largo na Adagio ni taratibu, Moderato ni wastani, Allegro ni haraka kwa uchangamfu, Presto ni haraka sana. Ninalopenda wote mlishike ni Andante, maana limetokana na kutembea. Mmewaona waongozaji wa watalii wanavyopandisha watu Kilimanjaro, pole pole, hatua zilezile kuanzia getini? Hawakimbii wala hawasimamisimami. Andante inataka moyo huo: mwendo usioyumba.

Hatua ya tano: litumie neno. Kwa Kiswahili tunasema tempo imepanda, imeshuka, inakimbia, shika tempo. Tusiseme "tempo kubwa", maana hapo ndipo besi wanapaza. Kwa Kiingereza tempo ni "fast" au "slow", na wimbo huimbwa "at a slow tempo". Wimbo wa kuchangamsha huitwa "up-tempo".

Maswali ya wanakwaya

Shikamoo mwalimu. Wimbo wetu mpya una 70, lakini naona unakimbia kuliko ule wa 90. Namba imekosewa? (dada wa sauti ya pili)

Marahaba. Namba ni sahihi. Kwenye ule wa 70 kila pigo limebeba silabi nne, kwenye wa 90 pigo linabeba moja. Mdomo ndio unaokimbia, mguu umetulia. Kanyaga huku ukiimba, utausikia utulivu wake.

Mwalimu, kila tukifika kiitikio ngoma inakimbia. Najizuia lakini wapi! (mpiga ngoma)

Sauti zikipanda, mikono nayo hutaka kupanda. Wiki hii fanya kinyume: piga kwa nguvu huku ukifuata uzi wa mita 1, kisha piga kwa sauti ndogo kwa vidole ukifuata uzi wa sentimita 25. Nguvu na kasi zikishatengana mikononi mwako, kiitikio hakitakusumbua.

Kocha wetu wa mbio naye anatuambia "leo tempo". Ni hiyo hiyo? (kijana wa sauti ya tatu)

Ni ndugu yake. Kwa wakimbiaji, mazoezi ya tempo ni kukimbia kwa kasi ngumu unayoweza kuishikilia muda mrefu bila kuiacha. Dakika kwa kila kilomita, hiyo Waingereza huiita pace. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwa kutangulia mwanzo hadi mwisho. Wenzake walilazimika kufuata mwendo alioupanga yeye. Mwanzisha wimbo ana madaraka kama hayo, kwa hiyo asianze kabla hajausikia mguu wake.

Mwisho wa wimbo tunavuta. Tunaharibu tempo? (mama wa sauti ya kwanza)

Pakiandikwa rit., yaani punguza mwendo kidogo kidogo, vuteni, mtunzi ameomba. Yakifuata maneno a tempo, rudini kwenye mwendo wa awali hapohapo. Pasipoandikwa kitu, nitazameni mkono. Ubeti wa tatu tumekuwa tukivuta bila kuombwa. Jumamosi tutaanzia hapo, na kila sauti ije na uzi wake na nati.